Kurasa Nilizozifuta

Juzi mtoto wa jirani alinigongea mlango ili ninuse raba yake mpya ya kufutia, ile ya rangi ya waridi yenye harufu ya stroberi. Nikainusa kwa adabu, nikamsifia, akaondoka akirukaruka. Mimi nikarudi jikoni, nikasimama mbele ya sinki kama mtu aliyesahau alichokifuata. Jamani! Wenzangu wakinusa kitu hukumbuka pilau ya bibi yao au manukato ya harusi. Mimi raba ya stroberi inanikumbusha kosa nililomfanyia mwanamke mzee, tena mwanamke niliyempenda.

Raba kama ile niliipata kanisani nilipokuwa na miaka tisa, zawadi ya kukariri mstari mrefu kuliko watoto wote. Tulikuwa tukikaa South Beach, mtaa wa ufukweni katika nchi ya Wazulu, ghorofa ya saba, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia na familia nyingine ya Warundi. Baba alikuwa mlinzi bandarini, kwenye lango la makontena. Mama alikuwa akifanya kazi za nyumbani Queensburgh, nje kidogo ya mji, kwa bibi mmoja mzungu aliyeishi peke yake katika nyumba kubwa yenye baraza ya mbao. Jumamosi nilikuwa ninafuatana na mama, na mdogo wangu anabaki kwa majirani wa upande wa pili wa pazia.

Bibi yule tulimwita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Mama alipomwita "Madam" siku ya kwanza, alijibu kwamba Madam yuko dukani, ananunua kofia. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati, akawa anaona pembeni tu. Ukisimama mbele yake alikuwa anatazama hewa. Ukitaka akuone, usimame ubavuni pake, naye atageuza kichwa upande mwingine ndipo akuone vizuri. Mimi niliuona kama mchezo, na nilikuwa hodari wa kusimama mahali panapotakiwa.

Mwaka huo nyumba ilikuwa inauzwa. Mwanawe alikuwa amempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake, huko mbali, na kila chumba kilijaa maboksi. Boksi moja halikuwa la kwenda naye. Lilikuwa la marehemu baba yake, aliyekuwa polisi wa nchi moja ya baridi, kule juu kabisa ya dunia. Polisi wa melini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na meli kwenye bahari ya barafu, kituo hadi kituo, akipeleka sheria na barua na unga. Majira ya baridi bahari ilikuwa inaganda na kuishika meli, wao wanabaki humo na mbwa wao wakingoja jua. Ofisi ya kuhifadhi nyaraka ya nchi hiyo ilikuwa imeomba karatasi zake zote za safari, na Jumatatu moja mtu wa kampuni ya mizigo angekuja kuzichukua.

Nilipomsimulia baba habari hizo alicheka hadi akakohoa. "Polisi kwenye barafu? Mwizi gani iko kule? Anaiba nini, baridi?" Halafu akatikisa kichwa. "Huyo walimuazibu, Yaya. Polisi akikosea mukubwa wake anamutupa mahali hapana mutu." Yaya ni dada mkubwa kwa watu wa kwetu, na baba hakuniita jina lingine. Neno lake likaniingia. Nikajua kwamba baba yake Gogo alikuwa mtu wa adhabu.

Sasa, Gogo hakuweza kusoma, kwa hiyo alimwambia mama atenganishe: za baba yake ziende kwenye boksi, bili za zamani na magazeti yatupwe. Kisha akalala kwenye kiti chake. Mama akaketi sakafuni na kazi ile, mimi pembeni yake.

Lazima niwaeleze habari za mama hapa, la sivyo mtamwonea. Mama alisoma shule ya msingi tu, kwa Kifaransa. Kiingereza alikuwa akikiokota njiani. Lakini karatasi alizijua kuliko wanasheria. Sisi tulikuwa watu wa kibali cha miezi michache michache. Foleni tangu alfajiri, fomu zijazwe kwa wino mweusi, herufi kubwa, na mwisho wa yote muhuri, ambao mama aliuita kashe. Karatasi zetu zilikaa kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, tayari kubebwa wakati wowote, kwa sababu tuliwahi kukimbia bila kuaga na mama aliapa kwamba haitatokea tena tukimbie bila karatasi. Kwa mama, karatasi yenye kashe ni uhai wa mtu. Isiyo na kashe ni ya kufungia karanga.

Basi akachambua kwa kashe. Risiti ya unga wa mbwa ina kashe, ikawekwa boksini, tena imenyooshwa kwa kiganja. Kibali cha forodha, kashe tatu, mama akakibusu kidogo. Ripoti zilizopigwa kwa mashine, kashe kila ukurasa, zikafungwa kwa utepe. Picha za yule polisi amevaa manyoya alizilaza kifudifudi, maana polisi ni polisi hata akiwa amekufa. Halafu akashika daftari dogo jeusi, nene kama kitabu cha nyimbo za kanisani, limevimba kwa unyevu. Akalifungua, akasonya.

"Ona hii. Karayo! Mutu muzima, tena polisi, anaandika na karayo? Hapana kashe, hapana sahihi. Hii ni ya mutoto." Karayo ni penseli. Akalitupa upande wa takataka, kisha akanitazama. "Ama uchukue weye, utafanya kaye ya shule."

Kwetu kaye, yaani daftari, ikiwa ya penseli haifi. Ikijaa inafutwa, inapewa mdogo, naye akiijaza inafutwa tena mpaka karatasi inakuwa nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Nilikuwa nimefuta kaye nyingi kwa ajili ya mdogo wangu, na nilikuwa ninajivunia mkono wangu, kwa sababu sikuacha hata kivuli. Jumapili nikalitoa daftari na raba yangu ya stroberi. Kabla ya kuanza nilijaribu kusoma. Siku moja, ukurasa mmoja. Upepo wa kaskazini. Barafu haijasogea. Mbwa wamelishwa. Nikafunua katikati: upepo wa kaskazini, barafu haijasogea, mbwa wamelishwa. Nikafunua mbele zaidi, yale yale!

Nikaelewa mara moja. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu akipiga kelele darasani, humwandikisha sentensi moja mara hamsini. Unampelekea, anaangalia, anatupa. Maskini polisi wa watu alikuwa ameandikishwa mistari ya adhabu, kitabu kizima, na mkubwa wake alikwisha kuiona zamani sana. Nikamhurumia, kisha nikaanza kumfuta. Nilifuta kurasa mbili tatu kila siku baada ya shule, bila kuzisoma tena, ninapuliza vumbi lake dirishani. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimefuta kurasa kumi na moja, nyeupe pe!

Jumamosi tuliporudi Queensburgh, joto la Februari lilikuwa limekaa juu ya bati na Gogo alikuwa barazani na zile ripoti zenye kashe mapajani. Alinitaka nikae sikioni pake nimsomee. Nilisoma kwa kujikwaa, mchana mzima: tani za makaa, majina ya vituo, safari hii na safari ile. Kila baada ya muda alikuwa ananisimamisha.

"Hapo kuna jina langu?"

"Hapana, Gogo."

"Kuna neno mtoto? Binti?"

"Hapana, Gogo."

Tulipofika mwisho akanieleza, na alinieleza kama mtu mzima mwenzake. Alizaliwa wakati baba yake amekwama kwenye barafu. Habari zilipelekwa kwa redio: mkeo amejifungua msichana. Na baba yake akajibu neno moja tu. Imepokelewa. Mama yake hakulisamehe neno lile, na yeye mwenyewe alikua nalo. Baba aliporudi alikuta mtoto asiyetaka kubebwa naye, na hawakuzoeana kamwe. Alipokufa lilikuja boksi, na yeye kwa kiburi chake hakulifungua.

"Nilipokuwa na macho sikutaka kujua," akasema. "Sasa nataka, na Jumatatu karatasi zinaondoka. Sitaki mengi. Nataka tu kujua kama siku ile aliandika chochote juu yangu." Akageuza kichwa ili anione. "Liko daftari, dogo, jeusi. Nililiona mikononi mwake nikiwa mdogo. Hilo ndilo alilokuwa akiliandika kule kwenye barafu. Utalijua, ni la penseli. Wino ulikuwa unaganda kwenye kalamu."

Mama alikuwa mlangoni na trei ya chai. Hakuiangusha, mama si mtu wa kuangusha vitu. Alitabasamu mpaka jino la mwisho, akasema kwa Kiswahili kwa sauti ya kukaribisha wageni: "Nyamaza, usiseme kitu, funga kinywa yako, kesho tutairudisha."

"Anasema nini?" Gogo akauliza.

"Anasema chai iko tayari, Gogo."

Kwenye taxi mama alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Daftari lipo nyumbani, tutalirudisha, tutasema lilikuwa limeanguka nyuma ya kabati. Mimi nilikuwa ninatazama nje nikihesabu robot, zile taa za barabarani, zilizobaki kabla ya kufika. Kumi na moja, kumi na moja.

Nyumbani mama alilifungua, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akakaa kitandani. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka magotini. Mama alikuwa mkali, nilijiandaa kwa kofi, na kofi lingekuwa afadhali. Alisema tu, polepole, "Mungu wangu. Miye nimetupa, weye umefuta."

Baba alirudi jioni na sare yake ya ulinzi, akatukuta hivyo. Alilichukua daftari bila kuuliza, akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kumi na mbili, akiwa bado amesimama. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alivua kofia.

"Yaya, nani alikuambia hii ni azabu?"

"Weye, papa."

"Basi nilisema ujinga." Akakaa chini, sakafuni, akanivuta. "Hii ni kitabu ya zamu. Hata miye niko na yangu pale kwenye lango. Kila saa ninaandika: lango limefungwa, hakuna kitu, niko hapa. Hakuna kitu, niko hapa. Mutu wa zamu haandike sababu kitu kimefanyika. Anaandika sababu wajue hakulala." Akakiinamisha kitabu kuelekea kwenye taa, akatafuta alama za penseli kwenye zile kurasa nyeupe, akajaribu huku na huku. Mkono wa yule polisi ulikuwa mwepesi, na mimi nilikuwa nimefuta vizuri mno.

Hapo ndipo nililia, kwa sauti, hadi jirani akasogeza pazia. Nilimwambia baba kwamba labda mle ndimo alimwandika mtoto wake, na sasa Gogo hatajua mpaka kufa. Baba hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia haidhuru. Alisema kwamba kwenye kitabu cha zamu hakuna ruhusa ya kufuta, mlinzi anayefuta anafukuzwa. Ukikosea, unaandika kwamba umekosea, unatia jina na sahihi, mwenye kitabu ajue. Akatoa kalamu yake nyeusi mfukoni.

"Muko wazimu?" mama akaruka. "Munaandika ndani ya kitabu ya muzungu?"

"Amefuta ndani yake tayari," baba akasema. "Acha aandike."

Nikaandika kwenye ukurasa wa kumi na moja, kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, kwamba kurasa hizi nilizifuta mimi, nina miaka tisa, nilidhani ni mistari ya adhabu, sikujua, ninaomba msamaha. Nikatia jina langu kamili na sahihi niliyoibuni hapo hapo, ndefu kama mkia wa mjusi.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda, mama na mimi, na nguo zetu za kanisani. Mama hakunipa nafasi. Alipofika tu barazani alianza, kwa Kiingereza kilichovunjika vipande: "Gogo, sorry, it is me. Me, I throw. Me, I spoil the book. The child, no." Alikuwa anasema uongo wake wa kwanza niliowahi kuusikia ukitoka kinywani mwake, naye ni mwanamke aliyekuwa akinichapa kwa uongo wa peremende.

Nikasimama ubavuni pa Gogo, pale anapoona, nikamsomea ukurasa wa kumi na moja. Jina na yote.

Vidole vyake vikapapasa ukurasa ule, kisha mwingine, kisha mwingine, zote laini. "Ningependa sana kuyasikia," akasema, na uso wake ulikuwa umechoka. Eish, sentensi ile! Ningemeza raba nzima ili nisiisikie. Kisha akasema, "Basi soma yaliyobaki. Soma kila alama, usiruke."

Nikaanza ukurasa wa kumi na mbili. Nikasoma tarehe. Kwa vile aliniambia nisiruke, nikasoma na namba ndogo iliyokuwa kwenye pembe ya juu, ambayo mimi nilidhani ni hesabu ya mistari ya adhabu. "Tisa. Upepo wa kaskazini. Barafu haijasogea. Mbwa wamelishwa."

"Nini tisa?"

"Namba, Gogo. Iko pembeni."

"Ukurasa unaofuata?"

"Kumi. Unaofuata kumi na moja. Halafu kumi na mbili."

"Rudia tarehe ya ile tisa."

Nikairudia. Akanyanyua mikono yake na kuanza kuhesabu kwa vidole kutoka siku yake ya kuzaliwa, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Vidole tisa vikasimama, kimoja kikabaki kimelala. Alivishikilia hewani hivyo hivyo.

"Siku hiyo nilikuwa na siku tisa," akasema.

Nikafunua upesi. Ishirini. Hamsini. Tisini na tisa. Upepo, barafu, mbwa, na pembeni umri wa mtoto asiyemwona, kila siku bila kuruka hata moja. Kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa ilikuwa mia mbili na themanini na tatu, na chini yake: barafu imefunguka, ninakwenda nyumbani.

Gogo akacheka, kisha kicheko kikageuka. "Alikuwa akinihesabu," akasema. "Huyu mtu alikuwa akinihesabu, na mimi nimemnunia maisha yangu yote." Mama, ambaye hakuelewa nusu ya Kiingereza chetu lakini machozi aliyaelewa, alipiga magoti na kumshika mikono. "Pole, mama," akamwambia kwa Kiswahili. "Pole sana, mama yangu." Hakuwahi kumwita hivyo. Tukakaa watatu pale barazani, na mimi nikaendelea kusoma kwa sababu aliniomba, namba tu, moja baada ya nyingine, mpaka sauti ikanikauka.

Jumatatu boksi likaondoka. Wiki mbili baadaye akaondoka Gogo, akiwa amemkumbatia mama langoni, na baada ya miaka mitatu tukasikia amefariki. Sikuwahi kujua aliandika nini yule baba siku redio ilipomletea habari. Hakuna anayejua sasa, na ni kwa sababu yangu. Hilo nimelibeba, na sitawadanganya kwamba limekuwa jepesi.

Baada ya ile raba ya mtoto wa jirani niliketi nikawaandikia wale watu wa nyaraka, kule kwenye baridi yao. Sikujua hata ninaomba nini. Nilisema kuna daftari la penseli lenye kurasa zilizofutwa, na mimi ndiye niliyezifuta, je, bado lipo? Jana wamenijibu kwa upole mkubwa, wakaniambatishia picha ya ukurasa wa kumi na moja. Nikauona mwandiko wangu wa miaka tisa, ile sahihi yangu ya mkia wa mjusi. Lakini kwenye pembe ya juu, pale baba yake Gogo alipokuwa akiandika zake, kulikuwa na namba ambayo haikuwapo nilipomsomea. Tarakimu kubwa, zimepinda, zinapanda na kushuka, mwandiko wa mtu anayeona pembeni tu: 29,706.

Niligawanya kwa siku za mwaka, kwenye simu. Ni miaka themanini na moja na miezi minne. Ulikuwa umri wa Gogo, kwa siku, ile Jumapili. Alikuwa ameendeleza hesabu ya baba yake, na nililia pale mezani kwa furaha, kama mjinga. Lile daftari lilikuwa na kurasa nyingi safi huko mwishoni, ambazo hazijaguswa na mtu. Alichagua ule nilioufuta mimi.